Siku Isiyo na Hesabu

Leo nazungumza na wewe uliyenunua pikipiki mpya, au uliyekabidhiwa ya mkataba, na nailoni bado ipo kwenye siti. Nazungumza juu ya sevisi ya kwanza, ile ambayo kampuni nyingi zinataka ifanyike kati ya kilomita 500 na 1,000. Kitabu cha mwongozo najua kilipo: kimelala chini ya siti, ndani ya mfuko wake wa plastiki, pamoja na spana mbili tatu nyepesi na bisibisi ya ncha mbili. Kitoe. Namba nitakazozitaja mimi ni za pikipiki nyingi za cc 125 na 150, lakini zilizoandikwa humo ni za pikipiki yako, na zikipingana na zangu, fuata zake.

Kwa kijana wa bodaboda, kilomita 500 hazichukui muda. Ni siku chache za kazi, Mbezi na kurudi, sokoni na kurudi, mara abiria wa kwenda stendi alfajiri. Kabla hajazoea sauti ya honi yake, dashibodi imeshasoma 500. Ndipo utasikia pale kijiweni: "Mpya hii, unaifungua ya nini? Ngoja ifike elfu mbili."

Upya wake ndiyo sababu yenyewe ya kuifungua. Silinda ikitoka kiwandani haijalainishwa kama kioo. Huachwa makusudi na mikwaruzo midogo inayopishana, ili ringi za pistoni zisuguane nayo mpaka kila kimoja kimzoee mwenzake. Kinachosagika katika kuzoeana huko ni chuma. Meno ya gia nayo yanasagana, kemshafti nayo inasugua roka, na unga wote huo unaingia kwenye oili. Katika gari, injini ina oili yake na gia boksi ina yake. Katika pikipiki zetu hizi, injini, gia na klachi vinaogelea katika oili moja, lita moja hivi, wakati mwingine pungufu. Wala usitegemee filta. Baadhi ya pikipiki zinayo ya karatasi, lakini nyingi zina chujio la waya tu, na nyingine kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni. Chujio la waya litazuia kipande, halitazuia unga. Unga mwingi unatoka kwa njia moja, tundu la kumwagia oili, na katika kilomita hizi za mwanzo unazalishwa kwa wingi ambao hautaonekana tena maisha yote ya injini ikiwa nzima.

Hapa niingize kisa kidogo, kwa sababu kinaeleza kwa nini watu wanapuuza sevisi na bado pikipiki inatembea. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zinatokana na Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya kuichora, wahandisi wa Honda walizunguka katika nchi zinazoendelea kuona pikipiki zao zinavyotumika, wakakuta wenye vyombo hawavifanyii matengenezo kwa wakati, na mzigo unaobebwa umepita kiasi. Wakarudi kwao wakabuni injini inayosukuma valvu kwa fito badala ya cheni ya ndani, yenye vitu vichache vya kuharibika na vyepesi kurekebisha. Kwa maneno mengine, walitutengenezea injini ya watu wasiomwaga oili. Nawapongeza kwa ustadi wao, ingawa kama mteja najisikia nimesemwa. Uvumilivu wa injini ile ndio uliotufundisha uvivu: haifi leo, itakuja kuanza kutoa moshi wa bluu baadaye, na wakati huo hakuna anayekumbuka ile oili ya kwanza iliyokaa mpaka ikawa uji mweusi.

Sababu ya pili haimo ndani ya injini. Pikipiki haikusafiri baharini ikiwa imesimama kama ulivyoiona dukani. Ilikuja ndani ya kreti, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa, vioo, betri na madigadi vikiwa kwenye mifuko. Aliyeiunga ni fundi wa dukani, Kariakoo au popote uliponunua, naye ana kreti nyingine zinamsubiri. Wengi ni mafundi wazuri. Lakini fundi mzuri aliyechoka anaweza kuacha nati ya ekseli imekazwa kwa mkono tu, au waya wa klachi umebanwa mahali utakapokatika. Kwa hiyo sevisi ya kwanza ni ukaguzi wa kazi ya watu wawili usiowajua, yule wa kiwandani na yule wa kwenye kreti. Ndiyo maana napenda mwenye chombo aifanye mwenyewe, au kama mkono wake haujazoea spana, awe amechuchumaa pembeni ya fundi tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuje kwenye kazi. Wengi huanza na oili. Mimi nasema anza na tapeti, na uanze asubuhi kabla pikipiki haijawashwa. Nafasi ya tapeti, ule upenyo mwembamba kati ya roka na valvu, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kipimo kinakudanganya. Ukishamwaga oili ya moto, fursa ya kupima umeipoteza mpaka kesho.

Utahitaji fila, kile kishada cha vibati vyembamba vyenye namba. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na mara nyingi valvu ya kuingiza na ya kutolea moshi hazilingani. Karatasi ya daftari ni kama 0.10, kwa hiyo tunazungumzia nafasi ya unene wa karatasi au nusu yake. Usitumie karatasi! Nimeitaja upate picha tu. Toa plagi ili injini izunguke bila ubishi, fungua kifuniko au vifuniko vya juu ya kichwa cha silinda na vile vya pembeni kwenye sumaku, kisha zungusha taratibu kwa spana mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Shika roka zote mbili. Zikiwa zinacheza kidogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha tena duara nzima. Hapo ndipo wengi hukosea: alama ya T hupita mara mbili, na ni mara moja tu valvu zote zinakuwa zimefunga.

Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, isipwaye na isilazimishwe. Kama hairidhishi, legeza nati, geuza kijisumari cha katikati, kishikilie kisigeuke huku unakaza nati, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza kipimo. Dakika ishirini kwa mzoefu, saa nzima kwa anayejifunza.

Kwa nini nakawia hapa? Kwa sababu ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, na inarukwa kwa hoja inayoonekana ya busara: "Mbona tapeti hazilii?" Tapeti isiyolia haijakuthibitishia kitu. Valvu mpya hujikalia kwenye kiti chake, inazama kidogo kidogo kadiri inavyopigwa, na ikizama ile nafasi huku juu inapungua. Mlio unapungua pia, unazidi kuwa mtamu masikioni. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungi sawasawa. Sasa ile ya ekzosi hupoza moto wake wakati imekaa kwenye kiti, kwa hiyo isipofunga haipoi, na mwisho wake inaungua ukingoni. Tapeti iliyozidi nafasi inakupigia kelele na unaisikia. Iliyobana inaharibu kimya kimya. Ukiniambia nichague kati ya mbili hizo, nitachagua kelele.

Plagi uliyoitoa itazame kabla hujairudisha. Rangi ya kahawia ni heri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, injini inapewa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na joto linazidi. Kwenye pikipiki ya kabureta usikimbilie kuchezea skrubu zake, kwanza tazama eya klina. Kwenye barabara za vumbi kilomita 500 zinatosha kuijaza. Ile ya sponji huoshwa, hukamuliwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Ya karatasi haioshwi.

Sasa washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, ili oili iwe nyepesi na ibebe uchafu wake ikitoka. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, mahali pa usawa, weka beseni chini. Baadhi ya injini zina bolti ya kawaida ya kumwagia, nyingine zina kifuniko kikubwa chenye springi na chujio ndani yake. Hicho kifungue polepole, ukikizuia kwa kiganja, maana springi huruka na chujio huzama kwenye oili chafu bila wewe kujua.

Acha ichuruzike mpaka matone yahesabike, kisha peleka beseni juani. Utaona vimeremeta, kama unga wa fedha uliokorogwa ndani. Usishtuke; ndiyo ile kazi ya ringi na gia niliyoisema, na ndiyo sababu umeamka mapema. Pitisha oili kwenye kitambaa cheupe. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, jino la kitu, au chembe zenye kona, hapo usiendelee. Vipige picha, vifunge kwenye karatasi, urudi navyo ulikonunua pikipiki pamoja na risiti na kitabu. Taarifa hiyo hutaipata popote pengine kwa bei hiyo, na kama oili imemwagwa na mtu mwingine kwenye mtaro wakati wewe uko kwenye chai, hutaipata kamwe.

Bolti ya oili irudishe na washa mpya, uianze kwa vidole mpaka ikatae, ndipo uguse spana. Bodi ya injini ni aluminiamu, bolti ni chuma, na wakigombana anayechubuka meno ni bodi. Wapo wanaochomeka kipande cha bomba kwenye spana ili wapate nguvu. Hao ndio wanaowalisha wachomeleaji wa aluminiamu mjini. Kama una spana ya kupimia nguvu ya kukaza, soma kipimo kitabuni. Kama huna, spana fupi na mkono mmoja vinatosha.

Oili mpya: angalia mambo mawili kwenye galoni. Kwanza unene, kwa mfano 20W-50, kama kitabu kinavyosema. Pili, herufi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kwa oili za pikipiki ambazo klachi yake inaogelea. Oili nyingine za gari zimetiwa vilainishi ambavyo ni vizuri kwa gari, lakini kwenye pikipiki vinafanya sahani za klachi ziteleze. Unapandisha mlima, injini inalia, chombo hakiendi, na fundi anakuuzia klachi mpya usiyoihitaji. Halafu tazama kifuniko kama sili haijaguswa. Oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye galoni za kampuni maarufu ipo sokoni, na rangi yake ni nzuri tu. Galoni ulilomaliza litoboe kabla ya kulitupa, lisije likarudi kwako limejaa.

Mimina kwa kipimo. Washa, acha ingurume kidogo, zima, subiri dakika chache, ndipo upime. Kwenye kijiti cha kupimia soma kitabu vizuri, maana kuna pikipiki ambazo kijiti huchomekwa tu bila kukazwa, nyingine hukazwa, na tofauti hiyo inatosha kukufanya uongeze oili usiyotakiwa kuongeza. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Oili iliyozidi hutafuta pa kutokea, ikaishia kwenye eya klina au kuvuja kwenye sili.

Cheni mpya hulegea haraka katika siku za mwanzo. Ipime katikati, upande wa chini, ukiinyanyua na kuishusha kwa kidole. Pikipiki nyingi zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, utakuta mahali pamoja pamebana kuliko pengine, na kipimo chako kiwe hapo. Vijana hupenda cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa kwa sababu haipigi kelele. Akikaa abiria na gunia lake, ile cheni inabana zaidi na kuanza kuvuta beringi. Ukisogeza ekseli, hakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, kisha rekebisha breki ya nyuma upya, maana imesogea pamoja na gurudumu. Hili la breki watu husahau, wakalikumbuka kwenye mteremko.

Na tafadhali, usiipake cheni ile oili uliyoimwaga. Utakuwa umeutoa unga wa chuma kwenye injini ukauhamishia kwenye cheni. Kama una nguzo za ua zinazoliwa na mchwa, wazee wetu wameshakuonyesha matumizi yake. La sivyo iweke kwenye kidumu uipeleke gereji wanakoikusanya. Mtaroni hapana, mtaro huo unakwenda kwenye kisima cha mtu.

Yaliyobaki ni mepesi. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, yenye sauti butu imelegea. Pita nati zote za usukani, injini, mabomba ya ekzosi na pedeli. Tikisa gurudumu la mbele kusikia kama beringi za usukani zinagonga. Hendeli ya klachi iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kuvuta. Upepo wa mbele psi 25, nyuma 28, na ukibeba abiria nyuma iwe 32 au zaidi kama kitabu kinavyoelekeza.

Lipo suala la waranti, nisilifiche. Wauzaji wengine hutoa kuponi za sevisi za mwanzo bila malipo ya fundi, na wanataka muhuri wao kwenye kitabu ili waranti iendelee. Kama kuponi unayo, sioni sababu ya kuitupa kwa ajili ya ushujaa. Nenda, lakini nenda na maswali: tapeti mmepima zikiwa baridi? Oili iliyotoka iko wapi niione? Na kama unaifanya nyumbani, andika tarehe, kilomita na oili uliyotumia, utunze risiti.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Sevisi hii si ngumu, na spana zake si ghali. Kinachokosekana ni nusu siku. Kijana wa mkataba anampelekea bosi mwenye pikipiki hesabu, yaani fedha waliyopatana, kila siku mpaka miezi waliyokubaliana iishe ndipo chombo kiwe chake. Bosi anahesabu kwamba pikipiki bado ni yake lakini oili ni ya dereva. Dereva anahesabu kwamba oili ni yake lakini pikipiki bado ni ya bosi. Ile asubuhi ya tapeti haina mwenyewe. Kusimama kwa saa nne au tano maana yake ni kukosa abiria wa asubuhi, na hesabu ya jioni iko palepale. Kwa hiyo anapita kwa fundi wa kijiweni, anamwaga oili kwa dakika kumi huku abiria anasubiri, na kichwa cha silinda hakijafunguliwa. Usiku anampa deiwaka, dereva wa kushika zamu, naye deiwaka anapiga mshikaki, abiria wawili watatu kwa mpigo, na eksileta hadi mwisho, kwa injini ambayo ringi zake bado zinazoeana. Inapokuja kunoki mwezi wa nane wa mkataba, bosi atasema dereva ameua chombo, dereva atasema alipewa kibovu, na mjumbe wa mtaa ataitwa kuamua jambo lililoharibika siku ambayo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Bosi, wewe unayenisikiliza, nataka uyapige mahesabu haya mwenyewe. Hesabu ya siku moja, uiweke karibu na bei ya kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi, valvu na gasketi, pamoja na siku zote ambazo chombo kitalala gereji bila kuingiza hata shilingi. Sitaji bei, zinabadilika kila mji, lakini zote unaweza kuziulizia kwa simu moja.

Kwa hiyo mnapokaa kuandika mkataba, kabla ya kusaini mbele ya mashahidi, ongezeni mstari: siku ya sevisi ya kwanza haina hesabu, oili ananunua mwenye chombo, na wote wawili wanakuwepo. Andikeni na kilomita zake, kama kitabu cha pikipiki hiyo kinavyosema, ili pasiwe na ubishi wa "nilidhani". Deiwaka asiikalie kabla ya hapo. Halafu dereva ndiye ashike spana, bosi ashike kitabu na kusoma namba kwa sauti.